Kitabu cha Maboyi na Sherehe Yake

Msomaji wa Unguja au wa Mombasa, aliyelelewa kwa Kiswahili cha chuoni na cha mashairi, akifungua maandishi ya mtu wa Katanga na kukutana humo na neno “paka”, atamtafuta mnyama katikati ya habari za migodi, mabwana na mishahara, wala hatamwona. Kwani huko, kuanzia Lubumbashi kupita Likasi hadi Kolwezi, “paka” si mnyama bali ni “tu”, ni “hivyo hivyo bila ya kuzidi”, nalo ni mtoto wa neno letu “mpaka” aliyeikimbia herufi yake ya kwanza akaenda kutafuta kazi nyingine bara. Atakutana pia na “njo”, ambayo ni “ndiyo” yetu. Na “beko”, ambayo ni “wako”. Na kitenzi “kutumika”, ambacho pwani humwonesha mtu au kitu kinachotumiwa, na huko humwonesha mtu anayefanya kazi ya mshahara. Haya ni mambo madogo, na mwenye subira huyazoea kwa siku chache. Lakini nyuma ya mambo hayo madogo yapo mengine ambayo subira peke yake haiyafungui: majina ya utani ya wazungu waliokufa zamani, hofu ambazo watu hawazitamki mchana, na njia nzima ya kusimulia ambayo kalamu iliipokea kutoka kinywani bila ya kuibadilisha. Kwa vitabu vya namna hiyo wazee wetu walikuwa na dawa moja, nayo ni sherehe.

Waama, watu wa pwani hawakupata kuona ajabu kwamba kitabu kizito hakisomwi peke yake. Mwanachuoni wa Lamu au wa Unguja aliposoma matini ya fiqhi aliisoma pamoja na sherehe yake, na juu ya sherehe ikakaa hashiya, na pambizoni mwa hashiya ukakaa wino wa mwalimu na wa mwanafunzi wake, hata sahifa moja ikawa kama baraza ambamo watu wa karne mbalimbali wameketi wakijibizana. Desturi hiyo iliingia katika tungo zetu pia. William Hichens alipoitoa Al-Inkishafi mjini London mwaka 1939, aliuzungushia utenzi wa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir maelezo ya maneno na ya mahali, kwa kuwa alijua kwamba mtu asiyeijua Pate na kuanguka kwake atasikia sauti nzuri na kuukosa msiba wenyewe. Na hadi leo diwani zetu nyingi hazikubali kutoka nyumbani bila ya sherehe nyuma yake. Wazungu nao wana yao: riwaya ya James Joyce iitwayo Ulysses, iliyotoka mwaka 1922, iliandikiwa na Don Gifford kitabu kizima cha maelezo ya mstari kwa mstari, kikubwa kama riwaya yenyewe, na hakuna aliyesema kwamba Joyce alishindwa kuandika kwa sababu alihitaji kuelezwa.

Nayataja haya kwa sababu nataka kusimulia habari za maandishi ambayo, kwa rai yangu, ni ya kale kwa heshima ingawa si ya kale kwa umri, na ni magumu kuliko riwaya yoyote niijuayo ya Kiswahili, nami siitoi Nagona ya Euphrase Kezilahabi katika hesabu hiyo. Si riwaya. Ni historia iliyosimuliwa na watumishi wa nyumbani. Mwaka 1965, katika mji ambao wakati huo uliitwa bado Elisabethville na mwaka uliofuata ukaitwa Lubumbashi, miaka miwili tu baada ya kuzimwa kwa dola ya Katanga iliyojitenga, mtu aitwaye André Yav aliandika kwa niaba ya maboyi wa zamani, yaani watumishi waliopika, waliofua na waliolea watoto katika nyumba za wazungu, kijitabu kilichopigwa taipu na kutolewa nakala kwa mashine ya karatasi ya nta, akakipa jina la Kifaransa Vocabulaire de ville de Elisabethville, yaani msamiati wa mji wa Elisabethville. Lugha yake ni Kiswahili cha mji ule, na jina la mwandishi wake ni la Kilunda, lile lile lililomo katika cheo cha Mwant Yav, mfalme wa Walunda, ambaye makao yake ya Musumba yamo leo katika mkoa wa Lualaba, ambao Kolwezi ndiyo makao yake makuu.

Jina hilo la kitabu lilinishughulisha muda mrefu. Kwa nini mtu asimulie habari za kufika kwa wazungu, za kifo cha mtawala Msiri, za kujengwa kwa mji, za mshahara na za fimbo, kisha aziite msamiati? Nadhani jibu limo katika vitabu vingine, vile vidogo vya mfukoni ambavyo wakoloni wa Kibelgiji walinunua kabla ya kupanda meli, ambavyo navyo viliitwa vocabulaire, na ambamo Kiswahili kilipangwa kama orodha ya amri: leta maji, washa moto, funga mlango, nyamaza. Aliyeamriwa kwa vitabu hivyo alivisikia kila siku kwa muda wa miaka arobaini; na siku alipopata mashine ya taipu yeye mwenyewe, aliandika msamiati wa pili, ambao maneno yake si amri bali ni kumbukumbu. Hiyo ni dhana yangu, wala simlazimishi mtu. Lakini kila ninapoirejea ile anwani naiona inasimama imara zaidi.

Kabla ya kuendelea na kitabu hicho, ni haki kusema jinsi lugha yenyewe ilivyofika kwenye kingo za Lualaba, kwa kuwa wako waungwana wa pwani wanaodhani kwamba ililetwa na kampuni ya shaba. Ilifika kabla yake. Msiri, aliyetoka nchi za Unyamwezi na kuweka dola yake Bunkeya, alifanya biashara ya shaba, pembe na watu kwa upande wa mashariki na wa magharibi, na misafara iliyomjia kutoka Tanganyika ilikuja na Kiswahili. Hata alipouawa tarehe 20 Desemba 1891 kwa risasi ya kapteni Omer Bodson, neno la pwani lilikuwa limekwisha kuzoeleka barazani pake. Na chini ya mto, Nyangwe na Kasongo, Hamed bin Muhammed el-Murjebi, ambaye dunia inamjua kwa jina la Tippu Tip, alikuwa na nguvu juu ya miji ya mashamba na misikiti ambamo Kiswahili kilikuwa lugha ya hukumu na ya hesabu.

Na hapa nisimame kidogo, kwani Tippu Tip ndiye aliyeipa nchi ile kitabu chake cha kwanza cha nathari chenye historia ndefu ya sherehe. Uzeeni, akiwa Unguja, aliandika maisha yake kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu kwa kuombwa na Heinrich Brode, naye Brode akayahamisha katika herufi za Kirumi na kuyachapisha Berlin mwaka 1902 na 1903 pamoja na tafsiri ya Kijerumani. Mwenyewe alifariki mwaka 1905. Zaidi ya nusu karne baadaye W. H. Whiteley aliyatoa tena Afrika Mashariki, Kiswahili upande huu na Kiingereza upande ule, pamoja na utangulizi wa historia wa Alison Smith. Na vijana wengi wa zama zangu waliyasoma kwa chapa hiyo. Lakini mfasiri aliyeyachukua kama mwanachuoni achukuavyo matini alikuwa padri François Bontinck, mwalimu wa historia katika chuo kikuu cha Kinshasa, ambaye mwaka 1974 alitoa mjini Brussels tafsiri ya Kifaransa yenye maelezo kwa kila mto, kila mtemi, kila mwaka na kila mzungu anayepita katika habari ile. Tippu Tip hakuwa na haja ya kusema tarehe. Alisema “tukakaa miezi”, akaendelea na safari. Bontinck alikwenda kuzitafuta tarehe hizo katika barua za Livingstone, za Cameron na za Stanley, akazileta moja baada ya moja akaziweka chini ya ukurasa, hata msomaji akawaona watu wawili wakitembea njia moja: mmoja juu anasimulia bila ya kugeuka nyuma, na mmoja chini anahesabu hatua.

Kazi kama hiyo inataka mapenzi. Sitaki mtu aichanganye na ile miongozo ya mitihani ambayo hujaa madukani kila mwanzo wa mwaka wa shule, inayomwambia mwanafunzi dhamira ni tano na mafunzo ni matatu, akariri, akajibu, akasahau. Mwongozo hukamilisha kitabu badala ya msomaji. Sherehe hufanya kinyume: humrudisha msomaji kwenye matini akiwa na macho mapya, na aghlabu humwacha na maswali mengi kuliko aliyokuja nayo.

Turudi Katanga. Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906; reli kutoka kusini ilifika Elisabethville mwaka 1910; na katika miaka ile ya mwanzo Waingereza na watu wa Afrika Kusini walikuwa wengi migodini, nao waliamrisha kwa lugha iliyochanganywa ambayo wenyeji waliiita Kikabanga. Wabelgiji waliiogopa lugha hiyo kwa sababu nyuma yake waliona bendera ya Uingereza, na baada ya vita kuu ya kwanza walizidi kuelekea kwenye Kiswahili, ambacho hakikuwa cha kabila lolote la hapo na kwa hivyo kilidhaniwa kuwa hakina mwenyewe. Kampuni ikaleta watu kutoka Kasai, Lomami, Rhodesia, Rwanda na Urundi, na tangu mwishoni mwa miaka ya 1920 ikawaweka makambini pamoja na wake zao ili wakae na wazae. Watoto waliozaliwa makambini hawakuwa na lugha nyingine ya kuchezea mpirani na kisimani. Wakaichukua ile ya amri, wakaitia Kiluba, Kibemba na Kifaransa, wakaifanya ya mapenzi, ya matusi, ya sala na ya mazishi. Na hapo ilipofikia hatua hiyo haikuwa tena chombo cha kampuni. Kwa hiyo simkubali asemaye kwamba Kiswahili cha Kolwezi ni kibovu. Kitu kibovu hakilei watoto.

Kolwezi yenyewe ilisimama mwishoni mwa miaka ya 1930, juu ya machimbo ya magharibi, Musonoi, Ruwe na Kamoto, na ni huko ndiko lugha ile ilikopata wasikilizaji wake wa kwanza wenye makini. Katika miaka ya 1950 Placide Tempels, padri Mfransisko wa Kibelgiji ambaye kitabu chake cha falsafa ya Kibantu kilikuwa kimechapishwa Elisabethville mwaka 1945 na kuzusha mjadala usiokwisha mpaka leo, alikuwa akiwahudumia wafanyakazi wa migodi ya Kolwezi, na kutokana na mazungumzo yake nao ikazaliwa Jamaa, umoja wa waume na wake waliotafuta pamoja mambo matatu ambayo waliyaita uzima, uzazi na mapendo. Walifundishana kwa mdomo. Mafundisho yao, ndivyo walivyoyaita, yalikuwa marefu, yenye kurudi nyuma na kuzunguka, na kila neno lilibebeshwa maana ambayo kamusi haikuijua. Mwaka 1966 alifika mtafiti kijana, Johannes Fabian, akiwa na chombo cha kunasa sauti, akayasikiliza. Alichokuja kukigundua, na ambacho alikiandika baadaye katika makala ya mwaka 1973 juu ya neno moja tu, “kazi”, ni kwamba wachimbaji wale, waliokuwa wakipiga zamu chini ya ardhi kwa faida ya wengine, walikuwa wamelichukua neno la kampuni na kuligeuza, hata kazi ikawa ni ile ambayo mume na mke wanaifanya ndani ya nyoyo zao. Sherehe ya neno moja. Nani kati yetu sisi wa pwani amekaa miaka saba na neno moja?

Fabian huyo ndiye ambaye kitabu cha maboyi kilimfikia mkononi, naye alirudi Lubumbashi kufundisha katika miaka ya 1972 hadi 1974. Na sasa nieleze ugumu wenyewe, kwa kuwa ndio kiini cha habari hii. Yav aliandika bila ya shule ya uandishi. Hakuwa na mtu wa kumwambia neno linaanzia wapi na linakomea wapi, wala koma inakaa wapi, wala “l” na “r” zinatofautianaje. Alisikia sauti na kuipiga kwenye mashine kama ilivyomjia, na pale alipovuta pumzi aliacha nafasi, hata ikawa katikati ya neno. Ili msomaji aone kwa macho yake, nitaunda mfano wangu mwenyewe, ambao sikuutoa katika kitabu kile. Chukua maneno haya: “bali kuwa bana tumi kaku ba zungu”. Mtu wa pwani anayasoma, anaona “bali”, anadhani kinakuja kinyume cha jambo lililotangulia, anaona “kuwa”, kisha njia inafungika mbele yake. Ayasome sasa kwa sauti, haraka, bila ya kusimama kwenye nafasi, na bila ya kuangalia herufi bali kusikiliza: balikuwa banatumika ku bazungu. Walikuwa wakifanya kazi kwa wazungu. Sentensi iliyokuwa maiti juu ya karatasi imeinuka, na hakuna kilichoongezwa ila pumzi.

Hivyo ndivyo alivyofanya Fabian, aliyekuwa mhariri wake. Baada ya kushindwa kukipata kitabu kwa macho peke yake, alimwomba Kalundi Mango, mtu aliyekijua Kiswahili kile kama mtoto ajuavyo sauti ya mama yake, akisome chote kwa sauti mbele ya chombo. Kisha akaiandika upya sauti ile, akailinganisha na karatasi ya Yav, na pale zilipohitilafiana akasimama na kuuliza. Wahariri wa vitabu vya kale duniani hulinganisha nakala na nakala: mwandiko wa Cairo na mwandiko wa Istanbul, chapa ya kwanza na chapa ya pili. Hapa nakala ilikuwa moja, na iliyolinganishwa nayo ni koo la mtu. Nami nikifikiri naona kwamba hilo si geni kwetu hata kidogo, kwani tendi zetu ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu ambazo hazikutosha kwa irabu na konsonanti za Kiswahili, na aliyetaka kuusoma utenzi sharti awe ameusikia kwanza ukighaniwa. Sikio lilikuwa mfasiri kabla ya kalamu, Pate kama Lubumbashi.

Toleo lenyewe lilichapishwa na nyumba ya John Benjamins, ya Amsterdam na Philadelphia, mwaka 1990, kwa jina la History from Below, yaani historia kutoka chini. Ndani yake mna sura ya karatasi za asili kama zilivyopigwa taipu, na mna Kiswahili kilichoandikwa upya kutokana na kusomwa kwa sauti, na tafsiri ya Kiingereza, na maelezo, na insha ya Walter Schicho wa Vienna juu ya lugha, ambaye alikuwa ameshaiandikia nahau ya lugha ya Lubumbashi kitabu kizima mwaka 1982. Hakuna kilichosahihishwa kwa siri. Msomaji anaweza kushika kidole kwenye neno la Yav, akahamia kwenye neno la Kalundi Mango, akahamia kwenye tafsiri, akawa hakimu mwenyewe. Na amana ya namna hiyo, ya kumwachia msomaji ushahidi wote, ndiyo inayolitenga toleo la kitaaluma na chapa ya kawaida.

Katika maelezo yale ninayoyapenda zaidi ni yale yahusuyo batumbula. Ndani ya masimulizi ya maboyi wanapita watu wa usiku, wanaokamata wapita njia na kuwapeleka kwa wazungu ili waliwe, na msomaji wa haraka atadhani kwamba ni upuuzi wa watu wasiosoma. Mwenye sherehe anamzuia. Anamwonesha kwamba habari hiyo ilizungumzwa Katanga yote kwa miongo mingi, na kwamba ndugu zake walikuwa Nairobi na Dar es Salaam kwa jina la mumiani. Na mwanahistoria Luise White, alipoandika juu ya uvumi huo wa Afrika Mashariki na ya Kati, alikiweka kitabu cha Yav miongoni mwa ushahidi wake. Watu waliochukuliwa kwa nguvu kupelekwa migodini, ambao wengi wao hawakurudi, walikuwa na haki ya kusema kwamba mtu analiwa. Ni hapo ndipo maelezo ya chini ya ukurasa yanapofanya kazi ya uadilifu: yanamzuia msomaji asicheke.

Maandishi mengine ya nchi ile yamefuata mkondo huo huo, nayo nitayapitia kwa haraka. Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji aliyezaliwa Elisabethville mwaka 1947, alichora historia ya nchi yake kwa picha zaidi ya mia moja, akamletea Fabian, akaisimulia kila picha kwa Kiswahili mbele ya chombo cha sauti. Kitabu kilichotokana na hayo kilitoka mwaka 1996, na picha zenyewe zimehifadhiwa Amsterdam katika makumbusho ya Tropenmuseum, ilhali mchoraji habari zake zilikatika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Huyo huyo Tshibumba aliandika pia historia kwa kalamu ya wino na kwa Kifaransa, ambayo Jan Blommaert aliifanyia uchambuzi mrefu mwaka 2008, akiutazama kila mstari uliofutwa na kila nafasi iliyoachwa. Na mtu wa Likasi, V. Y. Mudimbe, aliandika mwaka 1989 riwaya iitwayo Shaba deux, kwa sura ya shajara ya mtawa aliyekuwapo Kolwezi katika vita vya Mei 1978, wakati waasi wa kundi la FNLC waliotoka Angola walipouteka mji na askari wa miavuli wa Ufaransa wakashuka kuwatoa. Mudimbe haelezi. Mtawa wake anaandika kama aandikavyo mtu aliye ndani ya hofu, ambaye hajui kesho. Na kijana wa Kolwezi wa leo, aliyezaliwa baada ya jina la Shaba kufutwa mwaka 1997 na Katanga kurudi, atahitaji mtu wa kumwambia kwa nini vita viliitwa vya pili, vya kwanza vilikuwa lini, na kwa nini mkoa mzima ulipewa jina la madini yake.

Lakini mtu huyo atamwambia kwa lugha gani? Hili ndilo ambalo limenifanya nishike kalamu. Matini ya Yav ni Kiswahili. Sherehe yake ni Kiingereza. Mafundisho ya Jamaa ni Kiswahili. Sherehe yake ni Kiingereza. Tippu Tip alisimulia kwa Kiswahili, na maelezo yake yaliyo bora ni ya Kifaransa. Siwalaumu wahariri, ambao waliandikia watu waliokuwa wakiwasoma na ambao bila yao karatasi zile zingeliwa na mchwa. Bali nasema kwamba mtoto wa boyi, akitaka kuelewa neno la babu yake, inambidi apite Amsterdam na Philadelphia kisha arudi. Na hasara si ya kwake peke yake. Sherehe iliyoandikwa kwa lugha ya mbali hulazimika kueleza yale ambayo jirani angeyajua kwa neno moja, na wakati mwingine hupita juu ya undugu uliopo kati ya Lualaba na Lamu bila ya kuuona.

Nitatoa mfano mmoja. Mwaka 1974, Lubumbashi, Fabian alisumbuliwa na wezi na mambo mengine nyumbani kwake, akaletewa mganga, Kahenga Mukonkwa Michel, ambaye aliizunguka nyumba, akachimbia dawa zake pembeni mwa kiwanja, akaifunga nyumba. Kwani hivyo ndivyo wasemavyo huko, kufunga nyumba. Siku chache baadaye wawili hao walikaa wakazungumza juu ya kazi ile, na mazungumzo yakanaswa. Zaidi ya miaka thelathini kanda ile ilikaa, hata mwaka 2008 Fabian akaichapishia kitabu kizima, Ethnography as Commentary, ambamo anatetea kwa nguvu kwamba sherehe juu ya matini iliyo mbele ya macho ya msomaji ni elimu kamili na si kazi ya pembeni. Kitabu ni kizuri, nami nimejifunza mengi kwacho. Kurasa kwa kurasa zinamfafanulia msomaji wa Ulaya na Marekani kitendo kile ni kitu gani: kwamba si kufuli, kwamba nyumba ina mipaka isiyoonekana, kwamba kinachozuiwa ni mtu na asiye mtu, kwamba dawa inawekwa pembe nne na mlangoni.

Mwanamke wa Makunduchi au wa Pemba, asiyejua Katanga iko wapi, akisomewa mazungumzo yale ya Kahenga na kuambiwa kwamba “paka” ni “tu” na “njo” ni “ndiyo”, atafika kwenye maneno hayo ya kufunga nyumba, atatikisa kichwa, atasema: kumbe kaizindika.